Nyatiti ya Ayub Ogada imetulia, mbona yangu inapiga kelele?

SWALI: Napenda sana En Mana Kuoyo, albamu ya kwanza ya Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya. Nyatiti yake, ile ala ya nyuzi nane ya Waluo, imetulia na hapazi sauti. Nikijirekodi kwa simu, pete na njuga vinafunika kila kitu, na nyuzi zinalegea kabla wimbo haujaisha. Nakosea wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda mkono wako hauna kosa lolote. Nyatiti ya Waluo imezoea matanga na sherehe. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, pete ya chuma iitwayo oduong'o ikiwa kwenye kidole gumba cha mguu akigongea mti wa ala, huku gara, yaani njuga, zikilia mguuni, maana lazima umati usikie. Ogada, katika albamu hiyo iliyotolewa mwaka 1993 na Real World, lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza, aliipigia mtu aliyeketi karibu.

Sikiliza Kothbiro, wimbo uliomo kwenye albamu hiyo. Wimbo wenyewe ulikuwa umesharekodiwa Nairobi na bendi ya Black Savage miaka ya 1970. Katika albamu ya Ogada nyuzi zinarudia mzunguko uleule karibu bila kubadilika, na juu yake mtu anawaita watoto warudishe ng'ombe nyumbani, mvua inakuja. Akimaliza mstari ananyamaza, nyuzi zinaendelea peke yake. Uchungu wa wimbo uko kwenye kimya hicho, na wengi wanaouiga huujaza kwa vionjo, wakauua.

Sasa simu yako. Usiiweke sakafuni, huko ni kwa mguu. Iinue hadi usawa wa ngozi iliyowambwa kwenye ala, umbali wa kama sentimita 30, ielekee kijiti kinachobeba nyuzi. Vua njuga kabisa, pete izungushie kitambaa chembamba.

Nyuzi za nailoni zikiwa mpya hurefuka: zifunge siku moja kabla, zivute kwa kidole, kaza tena. Zikishuka zote nane pamoja, ngozi imepata unyevu. Ianike kivulini, kwani jua kali huipasua. Ukishuka mmoja tu, kitambaa kilichoushika kwenye mti wa juu kinateleza, ufungue uufunge upya.

Wala usifuate gita. Tafuta noti ya chini kabisa unayoweza kuimba bila kukaza koo, uzi mnene uifuate noti hiyo, halafu panga saba zilizobaki. Koo likianza kukaza katikati ya wimbo, shusha nyuzi zote, uanze tena.