Je, Perpetua na Felisita waliwatupa watoto wao?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu ana miezi minne na kifua kilimbana, nikashindwa kwenda kwenye mkesha wa Kwaresima. Kiongozi wetu wa maombi akanisema mbele za watu: Watakatifu Perpetua na Felisita, tunaowaadhimisha pamoja Machi 7, waliwaacha vichanga vyao kwa ajili ya Kristo, mimi nimeshindwa usiku mmoja. Je, nimetenda dhambi?

Jibu: Milele amina, mama. Hujatenda dhambi. Katekisimu, namba 2181, inataja ulezi wa watoto wachanga kuwa sababu halali ya kukosa hata Misa ya Dominika, sembuse mkesha ambao hakuna aliyeamriwa.

Lakini maneno ya huyo kiongozi yamenikera. Wafiadini hawa amewasikia juujuu tu. Perpetua hakumwacha mtoto nyumbani akaenda kusali. Alikamatwa, kule Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, mwaka 203, akiwa na miaka kama 22 na mtoto ziwani. Katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe gerezani, kinachomtesa ni wasiwasi juu ya mtoto. Mashemasi Tersio na Pomponio waliwapa askari fedha ili wafungwa wapumzishwe kidogo mahali penye nafuu, naye muda huo akautumia kumnyonyesha mwanawe aliyelegea kwa njaa. Aliporuhusiwa kukaa naye, anasema, gereza likawa kwake kama ikulu. Baadaye aliagiza aletewe mtoto. Baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, akakataa kumtoa.

Ni kweli, liwali Hilariano alimwambia amhurumie mtoto, atoe sadaka ya kipagani kwa ajili ya makaisari wa Roma. Akakataa, kwa kuwa kukubali kungekuwa kumkana Kristo. Wewe nani amekutaka umkane Kristo? Ulikuwa umempakata mtoto anayehema kwa shida!

Na Felisita, mtumwa, alijifungua humohumo gerezani katika mwezi wa nane wa mimba, kwa uchungu mkali, huku mlinzi akimdhihaki. Binti yake alichukuliwa na mwanamke Mkristo akamlea kama wake. Habari hii kiongozi wako aliiruka, nayo ndiyo inayomhusu: Wakristo wa Karthago walibeba mzigo wa mama mwenzao. Ninyi wa jumuiya, nani alikuja kukuuliza hali ya mtoto?

Kifua kikimbana tena, nenda hospitali usiku huohuo, usimsubiri mtu wa kukuombea. Mwenyekiti wa jumuiya mwambie sala ya wiki ijayo ifanyike kwako, na akina mama wawili wabaki baada ya sala wakushikie mtoto, ulale.