Mzigo nao unataka kiwanja

Nina duka la vyombo Makoroboi, hapa Mwanza. Fuso zinatuzibia njia. Kwa nini zisipigwe marufuku mchana?

Ndugu yangu, vyombo vyako vilifikaje dukani? Fuso ikizuiwa, mzigo wake utapanda maguta kumi, na yote yatasimama hapohapo mlangoni kwako. Juzi saa nne asubuhi niliikuta moja imefungua bodi, vijana wawili wanateremsha madumu, nyuma yake magari yamejipanga hadi kona. Ilichokosa ni mita 12 za kusimama. Ramani zetu huchora maegesho ya mteja. Pa kushushia mzigo hapachorwi. Tuanze na sehemu chache zenye alama, za mizigo tu kuanzia alfajiri hadi saa mbili. Mwenye gari dogo akijiegesha hapo, gari lake lifungwe mnyororo.

Shikamoo mzee. Bandari kavu ikija Fela, wilayani Misungwi, maghala yote yahame mjini?

Marahaba. Makubwa yahame. Kontena linataka ardhi tambarare, na Mwanza tuna mawe. Fela iko kwenye reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, kwa hiyo behewa litashusha hukohuko. Lakini stoo ndogo zibaki karibu na maduka, la sivyo kila katoni itasafiri kutoka Misungwi peke yake. Paris, ambako ardhi ni ghali kuliko Capri Point, mwaka 2013 kampuni ya vifurushi iligeuza maegesho ya magari ya Beaugrenelle kuwa stoo. Mwaka 2018 likafunguliwa ghala la Chapelle International, juu ya paa lake kuna bustani ya mboga. Bustani si lazima tuige. Ghorofa zetu mpya, hata hivyo, zingeweza kuachia mzigo sehemu ya chini.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Tutahamishwa?

Samaki hushukia majini, mama. Mwalo hauwezi kwenda mlimani. Hofu yangu ni hoteli kuchukua ufukwe. Ombeni eneo liandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kuwa la mizigo, pamoja na njia ya lori kutokea.

Daraja la Kigongo–Busisi limeongeza malori?

Zamani kivuko kiliyachuja. Dereva alilala Busisi akisubiri zamu. Tangu Juni 2025 anavuka kilomita 3 bila kusimama na kutokea Usagara. Maegesho ya malori yatengwe pale sasa, kabla viwanja havijapimwa na fidia haijapanda.