Kwa mnaokuja kufanya fildi ya mimea Lindi na Mtwara: majina kwanza, grafu baadaye

Vijana wanaokuja huku kusini kufanya utafiti wa mimea, wa digrii ya kwanza na wa masta, wengi wanafika na kitu kimoja tu kichwani, ploti, yaani kipande cha msitu unachokipima na kuhesabu mimea yake. Ploti ngapi, za ukubwa gani, na R (programu ya takwimu) itatoa grafu gani mwisho wa siku. Sawa, ploti ni muhimu na ntafika huko. Ila mi nimeshaona tasnifu zenye grafu za kuvutia ambazo ukiuliza huu mti ulioongoza kwa wingi ulijuaje ndo wenyewe, jibu ni "mwenyeji alisema". Hamna sampuli (tawi lililokatwa likakaushwa na kutunzwa), hamna picha, hamna namba. Hapo hata takwimu ziwe nzuri vipi hakuna mtu anaweza kurudi kuhakiki, na jina likiwa limekosewa kila kilichojengwa juu yake kimekosewa.

Sijasema wenyeji hawajui. Mzee wa Rondo aliyefanya kazi ya mbao au anayechimba dawa anautaja mti kwa kunusa gome, sisi wa chuo bado tunatafuta lenzi kwenye begi. Shida ipo kwenye tunavyouliza. Ukimwambia "mzee, huu si mninga huu?" atakuitikia eeh mwanangu, kwa heshima tu, na pia kwa sababu wewe ndo msomi. Msalimie vizuri, shikamoo babu, alafu uliza "huu nyie mnauitaje?" na unyamaze. Usimtajie jina. Kesho yake tawi lilelile mpelekee mtu mwingine akiwa peke yake uone kama majina yanakutana, na pembeni andika jina ni la lugha gani, Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, maana mtu wa Newala na mtu wa Ruangwa sio lazima wauite mti jina moja. Mkongo na mbambakofi kwa mfano ni mti uleule, Afzelia quanzensis, na nimeona orodha imeviweka mistari miwili, spishi zikaongezeka bila mti kuongezeka. Mlama ndo kinyume chake, jina moja limebeba spishi kibao za jenasi Combretum. Na msiwaulize wanaume peke yao jamani. Ming'oko, Dioscorea hirtiflora, wanaoijua ni kina mama wanaokwenda kuichimba, shina juu limeshakauka lote na bado mama anajua achimbe wapi.

Sasa kwa nini nasisitiza sampuli hivi. Mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, kila mtu wa Lindi anajua yuko Berlin, hiyo ni habari ya kila siku, lakini wachache wanajua kwamba mimea ya Lindi nayo ilikwenda Berlin. Schlieben, Mjerumani, alikusanya mimea maeneo haya miaka ya 1934 na 1935, pale ziwa Rutamba (kwenye lebo zake utaona Lutamba) na uwanda wa Wamwera (ye kaandika Muera), na kuna spishi zilipewa majina kutokana na sampuli zake. Machi 1943 hebaria ya Berlin, yaani ghala la sampuli za mimea iliyokaushwa, ikapigwa bomu ikaungua, sehemu kubwa ya makusanyo ikaisha. Kilichookoa kazi ya watu kama yeye ni nakala, kwa sababu mti mmoja ulikuwa unakatwa matawi kadhaa kwa namba moja na kusambazwa kwenye hebaria mbalimbali, kwa hiyo leo unaweza kuziona nyingine mtandaoni ukiwa umekaa zako Mikindani. Kwa hiyo ukikata, kata nakala tatu au nne kama mti unaruhusu, na moja ibaki nchini siku zote, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au hebaria ya taifa Arusha.

Mti wa Erythrina schliebenii, uliopewa jina lake huyohuyo Schlieben, una maua mekundu na miiba kwenye shina. Mwaka 1998 uliwekwa kwenye orodha ya spishi zilizotoweka kabisa duniani, msitu wake wa zamani ulikuwa umefyekwa ikapandwa mikorosho. 2001 ukaonekana tena Kilwa, na miaka kumi hivi baadaye wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena, na wakaupata na Karomia gigas ambao nao watu walikuwa wameshaanza kuuhesabu kama umekwisha. Huo Karomia ulijulikana kwanza Kenya mwaka 1977, mti ukakatwa, 1993 ukapatikana mmoja Tanzania, alafu kimya. Fikiria mwanafunzi anapita chini ya mti kama huo anaandika "spishi namba 23, haijulikani" anaendelea na ploti inayofuata bila kukata hata kijitawi. Nina hakika imeshatokea, mara nyingi tu.

Kukata kwenyewe. Tafuta tawi lenye maua au matunda, majani matupu yatakutesa kwa sababu funguo nyingi za kutambulisha (yale maswali ya hatua kwa hatua kwenye vitabu vya mimea) zinakuuliza ua lina nini ndani na tunda limekaaje. Combretum bila tunda utabaki unabahatisha (ukiliona tunda lenye mabawa manne uko Combretum, mawili mara nyingi ni Terminalia). Tawi litoshe kwenye gazeti lililokunjwa, na jani moja ligeuze nyuma ili lionekane pande zote mbili kabla hujabana. Kwenye daftari andika yale yatakayopotea sampuli ikikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu ni mweupe au mwekundu au hamna, urefu wa mti, gome likoje ukilichanja, umeota kwenye nini. Andika kwa penseli, wino ukilowa hauna maana. Na namba iwe yako wewe, ianze 1 iendelee maisha yako yote ya kazi, usianze upya kila kijiji wala usitumie "ploti 3 mti 7" kama namba ya sampuli, baada ya mradi wa pili utakuwa na sampuli mbili zenye jina moja na hebaria watakuchukia.

GPS sasa. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa hiyo latitudo kwa desimali inaanza na alama ya kutoa, Lindi mjini ni karibu −10, 39.7. Ukiisahau hiyo alama mti wako unahamia Ethiopia, na ramani haitakwambia umekosea, itauchora tu.

Kukausha ndo kunaumiza wengi, hasa mtu aliyezoea bara. Hewa ya pwani ina unyevu, gazeti la jana leo limelowa, siku ya tatu ukungu. Badilisha magazeti kila siku zile siku za mwanzo bila uvivu, weka kadibodi katikati hewa ipite, kaza kamba. Jiko la mkaa linasaidia likiwa na moto mdogo na presi (fremu inayobana hayo magazeti na sampuli) ikiwa juu mbali, ukiwa na haraka utabanika. Mvua ikikukamata ndanindani huko, funga sampuli kwenye magazeti, tia kwenye mfuko mnene wa nailoni, mimina spiriti mpaka magazeti yalowe, funga hewa isitoke, utakausha ukifika mjini. Rangi itapotea, ndo maana daftari, na spiriti inaharibu DNA kwa hiyo kama kuna mtu atataka kupima, kipande cha jani kitie kwanza kwenye silika jeli, vile vipunje vya kufyonza unyevu.

Msimu nao mnauchukulia poa sana. Ratiba ya chuo inawaleta mwezi wa saba mpaka wa tisa, kavu, miombo imepukutisha na moto umeshapita, nyasi hazipo. Miti mingi huku inatoa maua mwisho wa kiangazi kuelekea mvua, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na mimea midogo ya chini utaipata vizuri mwezi wa pili mpaka wa nne barabara zikiwa matope matupu. Ukija mara moja tu kiangazi, andika kwenye tasnifu kwamba orodha yako ni ya kiangazi, usiite orodha ya mimea ya msitu. Na kiangazi hichohicho ndo upupu umekauka unapeperusha vile vinywele, vaa mikono mirefu, utanikumbuka.

Miombo iliyopukutisha au yenye majani machanga mekundu inawachanganya wengi, kwa mbali yote ni sawa. Angalia vijani, yaani vile vipande vidogo vinavyounda jani moja. Brachystegia spiciformis kwa kawaida ana jozi nne hivi na jozi ya mwisho kabisa ndo kubwa. Julbernardia globiflora ana jozi tano sita na kubwa ni za katikati, na maganda yake yanakaa juu ya majani kama yamechomekwa pale. B. boehmii vijani ni vingi na vyembamba, unaona kama unyoya. Ukijua hao watatu nusu ya miombo yako imeshapata majina.

Haya ploti. Mfumo wa tathmini ya misitu ya taifa, NAFORMA, ulitumia miduara ndani ya miduara. Tuseme nusu kipenyo ni mita 2, 5, 10 na 15. Miti yenye shina la kipenyo cha kuanzia sm 1 unahesabu ndani ya mita 2, ya sm 5 mpaka mita 5, ya sm 10 mpaka mita 10, ya sm 20 kwenda juu mpaka mita 15. Ni mzuri, unalinganisha na data za nchi nzima, ila watu wanaufanyia kitu cha ajabu, wanajumlisha miti yote pamoja kama ilivyohesabiwa. Mduara wa mita 2 ni mita za mraba 12.6 tu, wa mita 15 ni karibu 707. Maana yake kamche kamoja kwenye duara dogo kanawakilisha miche kama 796 kwa hekta, na jiti la duara kubwa linawakilisha 14. Ukijumlisha bila kwanza kuzidisha kila duara kwa hekta, msitu wako unakuwa wa wazee watupu hauna watoto, alafu unaandika hitimisho kwamba msitu hauzaliani, mwenyekiti wa kijiji anasomewa ripoti hiyo. Na mkanda: pima mita 1.3 kutoka chini, kama mkanda wako ni wa mzingo gawa kwa 3.14 kabla hujaweka kwenye safu ya kipenyo. Usipogawa, eneo la shina linakuwa karibu mara kumi. Ukiona miombo yako imezidi misitu ya Udzungwa, rudi kwenye Excel.

Kabla hujaweka ploti ya kwanza kaa na wazee uulize hapa palikuwaje. Hiki ndo kitu ambacho picha ya setilaiti haikupi. Ukiwa katikati ya kichaka ukakuta miembe mikubwa imejipanga, hayo ni mahame, watu waliishi hapo wakahamishwa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na kile unachokiita "kichaka cha asili" kina umri wa baba yako. Nachingwea ndo usiseme, mpango wa karanga wa Waingereza 1947 mpaka 1951 ulifyeka maeneo makubwa kwa mashine. Siku hizi ni ufuta na mikorosho. Bila hiyo historia utatafuta sababu kwenye udongo wee na sababu ipo kwa bibi anayeuza vitumbua barabarani.

Majina ya kisayansi yenyewe yanahama. Tangu mkutano wa wanabotania wa Vienna 2005 jina Acacia (la migunga) wamebaki nalo Australia, za kwetu ni Vachellia na Senegalia, na jamii ya mikunde iligawanywa upya 2017 ikawa na familia ndogo sita, Brachystegia na Afzelia wakaenda Detarioideae. Hakiki orodha yote kwenye tovuti ya Plants of the World Online, ni bure, na uandike umehakiki lini. Na vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, Flora of Tropical East Africa, iliyotoka kidogokidogo toka 1952 mpaka 2012, usitafute humo Mtwara au Lindi kama mikoa, sisi humo ni eneo T8, tumewekwa pamoja na Songea na Tunduru.

Vibali sitachosha watu: barua ya chuo, mkoa, wilaya, TFS (wakala wa huduma za misitu) kwa hifadhi za serikali kuu, na mwisho kabisa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, hao wa mwisho ndo wanaoamua kama utalala vizuri. Mwenzako wa nje ya nchi aanze na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mapema mno. Sampuli ya mpingo, okidi yoyote au Encephalartos haivuki mpaka bila karatasi za CITES (mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini), hata iwe kijitawi.

Mkiondoka, orodha yenye majina ya wenyeji chapisheni muiache ofisi ya kijiji, inatumika kuliko mnavyodhani. Presi ikae na wewe ndani ya basi, kwenye buti kuna ndoo za samaki zinavuja mpaka Dar. Ukifika, sampuli hazigusi kabati la hebaria mpaka zimegandishwa siku kadhaa kuua wadudu, kwa hiyo piga simu kabla hujakata tiketi uulize kama friza yao inafanya kazi.