Hiyo adapta usiinunue

Mkuu, shika hela yako kwanza. Umesema una Dell OptiPlex 9020 ile ndogo bapa, SFF, yenye i5-4590 na RAM GB 8. Muuzaji wa Kariakoo anakupa kadi ya picha (graphics card) ya GTX 1060 na "kaadapta" ka kuvuta umeme kwenye waya wa diski. Kwa kuwa kadi haiingii ndani, atakuwekea kebo ya kurefusha sloti, ikae nje ya boksi kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ukauliza pia kama itafaa kuhariri video za harusi na kucheza GTA V, kama uongeze RAM, na kama monita yako ya VGA itapokea. Leo nitafika kwenye video na monita tu. Adapta kwanza.

Hesabu anayokupigia naijua neno kwa neno, maana na mimi nilipigiwa hiyo hiyo nikaona ina akili. Pawa saplai ni wati 255. Prosesa inakula 84, kadi 120, jumla 204, "chenji inabaki boss." Kujumlisha kajumlisha sawa. Ila kinachoua mashine ni njia ambayo umeme unapita.

Sloti ndefu, ile ya kuchomekea kadi kwenye mazabodi, inatoa wati 75, mwisho. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inawekewa tundu la pini 6, nalo limepangiwa wati 75 nyingine. Sasa plagi ya SATA, ndiyo hiyo ya waya wa diski, ina pini tatu za voltu 12, kila moja ampea 1.5. Ampea 4.5 mara voltu 12 ni wati 54. Hapo jamaa atakwambia 120 toa 75 ni 45, na 45 iko chini ya 54, sasa kelele za nini? Kelele ni kwamba kadi haigawi umeme kistaarabu hivyo. Inaweza kuvuta sehemu kubwa kupitia ile pini 6, na gemu likikolea inaruka juu ya zile wati zilizoandikwa kwenye boksi, kwa vipindi vifupi sana lakini vingi.

Na hapo bado hatujafika kwenye ubaya wa 9020 yenyewe. Fungua kifuniko, ufuate waya wa diski kwa kidole mpaka mwisho. Hauendi kwenye pawa saplai, unaishia kwenye mazabodi. Pawa saplai ina kebo ya pini 8 na ya pini 4, na zote zinaingia kwenye mazabodi hiyo hiyo. Maana yake kaadapta kako kananyonya umeme kwenye njia ya shaba iliyochorwa kwa ajili ya diski na kisoma DVD. Ikizidiwa, huunguzi adapta ya elfu chache. Unaunguza bodi.

Dalili zinakuja kwa foleni. Kwanza mashine inazima gemu likianza, unasingizia draiva, unafuta na kuweka upya. Kisha diski inapotea, ukiwasha tena inaonekana. Kisha harufu. Ukichomoa plagi, ile plastiki nyeusi imevimba upande wa waya wa njano, ina kishimo cha kahawia, na pini mbili zimeshikana. Baada ya hapo kitufe cha kuwashia kinapepesa rangi ya chungwa tu, basi. Msiniulize nimeujuaje mpangilio huu. Nilisoma mahali.

Halafu umrudie aliyekuuzia uone. "Boss, sisi tulikupa kitu kizima, huo ni umeme wa kwenu." Mtu huyo huyo aliyekuapia kwamba wateja wote wanafunga hivyo! Yeye kazi yake kadi itoke kaunta, mashine halali nayo wewe. Na hata neno la warantii hulisikii, kwa sababu adapta haimo kwenye risiti, "alikupa tu".

Kuna atakayekuja hapa chini aseme badilisha pawa saplai. Sawa, saplai ya kawaida ina plagi ya pini 24, bodi hii inataka zile 8 za Dell, na boksi halina nafasi ya kuiweka. Kiunganishi cha 24 kwenda 8 kipo, lakini saplai itakaa mezani, kadi mezani, nyaya mezani. Hiyo siyo kompyuta tena, ni kibanda cha fundi redio.

Kanuni ni hii: kadi yako isiwe na tundu lolote la umeme. Igeuze, tazama ukingo wa juu na wa nyuma. Ukiona tundu, irudishe. Usiamini jina, kwa sababu GTX 750 Ti na 1050 Ti zipo zenye tundu na zisizo nalo.

Nenda na rula. Bati la nyuma la kadi, lile la kufungia kwenye boksi, liwe la sentimita 8 hivi. Lile refu la sentimita 12 halifungi kwenye boksi hili. Tazama na kilicho kando ya sloti ndefu: ukikuta pawa saplai iko pale pale, kadi nene ya kula nafasi mbili haiingii, tafuta ya nafasi moja.

Kwa kazi za harusi tafuta Quadro P620 au T600. Zote mbili ni wati 40, nyembamba, hazina tundu. P620 ina memori ya GB 2, T600 ina GB 4, kwa hiyo ukipata T600 usiiache. GT 1030 inaingia vizuri, ila haina sehemu ya kukandamiza video wakati wa kurenda (kutoa video iliyokamilika), na ile yenye memori ya DDR4 ni konokono ukiilinganisha na ya GDDR5, japo jina ni moja. RX 6400 nayo haikandamizi video, na inatumia njia nne tu za data za sloti.

Ukiuziwa "1050 Ti" yenye tundu la VGA, shtuka. Familia hiyo haitoi VGA. Mara nyingi ni kadi ya zamani sana iliyoandikwa jina jipya ndani. Fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, hapo hapo dukani, ikigundua kadi ya kubandikwa jina inaandika FAKE mbele ya jina. Na hilo limejibu swali lako la monita, nusu yake. P620 na T600 zina matundu madogo ya mini DisplayPort, kwa hiyo nunua na kigeuzi cha kwenda VGA.

Siku ya kufunga, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, ndipo uguse kitu. Kebo ya monita ihamie kwenye kadi.

Kabla hujalipa, piga picha ukingo wa juu wa kadi uiweke hapa tuione. Na adapta hata akikupa bure, mwachie.