Re: Foku ya 160 au 200 kwa milima ya Kigoma?

Mambo mkuu. Umeuliza kwenye baiskeli yako ya milimani uweke foku (shokapu ya mbele) ya 160 au 200, yaani milimita inazoweza kubonyea, unashuka milima na kuruka, ila juu unarudi kwa pedali zako mwenyewe. Kwa hali hiyo mimi ningekaa 170 mpaka 180 mbele na nyuma, 200 ni ya dauni hili (kushuka tu), ya mtu anayepandishwa na pikapu, wewe ukipanda nayo kutoka ziwani kwenda Mwandiga utalia.

Cheki kwanza fremu inaruhusu foku ndefu kiasi gani, maana ukiongeza milimita 20 mbele, pembe ya shingo ya fremu, pale foku inapoingia, inalala kama digrii moja na mzigo unaongezeka pale pale kwenye shingo.

Halafu kabla hujatoa hela pima hiyo 160 uliyonayo. Vaa begi na helmeti, sukuma ile raba ndogo ya kwenye mguu wa foku hadi chini, simama kwenye pedali taratibu, shuka uangalie imepanda wapi. Milimita 40 hivi uko poa, ikifika 60 ongeza upepo ndani ya foku tu, wengi wanaolia shokapu fupi wanaendesha na upepo kiduchu.