Mwache achague muziki

Dadangu ulouliza kama kijana wako atapotea akichagua muziki gredi ya 10 na yeye ajua kutengeneza biti kwa simu tu, mwache achague. Muziki na Densi iko kwa pathwei (mkondo wa masomo) ya Sanaa na Michezo, lakini asidhani ni kubonyeza laptopu, angalia hata muziki wa KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, una pepa 3, kuna kupiga ala na kuimba, kuna ya kusikiza, kuna ya nadharia.

Mpwa wangu hapa Majengo alianza ivo ivo na biti zake nikampeleka kwa mzee mmoja apigaye udi, ala ya nyuzi kama gitaa, akashangaa shingo yake haina vile vyuma vilivyokingama kwa shingo ya gitaa, kidole kikisogea kidogo tu sauti ishaharibika, wiki 2 vidole vyamuuma lakini masikio yakafunguka wallahi, sasa akirekodi mtu akiimba ajua pale pale sauti imeshuka kabla hata hajaangalia skrini.

Ila kwanza uliza hiyo shule kama ina mwalimu wa muziki na ala zenyewe, si zote zinazo. Laptopu itakuja baadaye, kwa sasa mtafutie chivoti (filimbi) ama kayamba aanze nayo nyumbani.