Kutapeliana kwenye gemu na hoja ya "vita ni hila"

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Mimi ni kijana wa Chikongola, Mtwara, nimemaliza kidato cha nne. Mama aliuza korosho akanipa Sh 85,000 za kulipia kozi ya kompyuta. Nikanunua akaunti ya Free Fire, gemu la simu la kupigana risasi, yenye skini nyingi (mavazi na mapambo ya mchezaji) kutoka kwa mtu tuliyekuwa tukicheza naye, nikitegemea kuiuza kwa faida. Alinipa neno la siri, nikaingia vizuri, kesho yake akaunti ikakataa kufunguka na yeye akaniblok. Rafiki yangu akasema gemu ni vita, na Mtume (s.a.w.) amesema vita ni hila, basi na mimi nifidie kwa wengine. Nikamwahidi kijana wa Newala almasi, ambazo ni pesa za ndani ya gemu, akanitumia Sh 30,000, nami nikamblok. Tangu hapo sina raha. Je, nina dhambi wakati na mimi nimedhulumiwa? Na mama nimwambie nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Pole sana, mwanangu. Pesa ya korosho tunaijua inavyopatikana: palizi, kupuliza salfa, kuokota juani, kungoja mnada, kisha kungoja chama cha msingi kilipe. Aliyekuliza wewe amemliza mama yako.

Kwamba utapeli ni haramu unajua, ndiyo maana huna raha, na hapo sitakuchelewesha. Kilichonifanya nijibu ni hoja ya rafiki yako, maana nimeisikia kwa vijana wengine hapa mjini, na wizi unaovalishwa kanzu ya hadithi ni hatari kuliko wizi wa kawaida. Mwizi wa kawaida hutubu. Huyu atatubia nini, na anadhani ana dalili?

Hadithi ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini Imamu Nawawi, mwanazuoni ambaye sisi wa madhehebu ya Shafii tunamtegemea mchana na usiku, alipoisherehesha alisema wanazuoni wameafikiana kuwa kumhadaa adui vitani kunafaa kwa namna yoyote iwezekanayo, isipokuwa pakiwa na kuvunja ahadi au amani aliyopewa. Hapo si halali. Na katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alipotuma jeshi aliwausia wasifanye hiana. Sasa ikiwa adui aliyeshika upanga akishapewa ahadi hafanyiwi hiana, huyo kijana wa Newala kakosa nini? Yeye hata upanga hana, ana bando la wiki na Sh 30,000.

Akikuvizia mtu nyuma ya ukuta ndani ya gemu akakupiga risasi, hajakudhulumu, ndio mchezo mlioukubali nyote wawili. Ila mkishaanza kutajiana bei mmetoka kwenye mchezo mmeingia sokoni. Mwenyezi Mungu anasema: "Enyi mlioamini! Msiliane mali zenu kwa batili, isipokuwa iwe biashara kwa kuridhiana" (An-Nisaa, 29). Yuko wapi aliyeridhia hapa? Angejua kuwa almasi hazipo angetuma?

Wengine husema almasi na skini ni picha tu, si mali, kwa hiyo hakuna kilichoibiwa. Maneno ya ajabu! Kilichochukuliwa si picha, ni shilingi, na hizo shilingi hakuna anayezikataa kwa kusema ni picha. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji chini, akasema: "Mwenye kughushi si katika mimi" (Muslim). Anayetia kokoto kwenye gunia la korosho ili lizidi uzito ghalani na anayeuza almasi asizokuwa nazo wamo katika hukumu moja.

Umeuliza kuhusu kufidia. Katika madhehebu yetu, aliyenyimwa haki yake akashindwa kuipata kwa njia nyingine, anaweza kuichukua kutoka katika mali ya yule yule aliyemdhulumu, kwa masharti yake. Dalili mojawapo ni Hind mke wa Abu Sufyan, aliyeruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe. Lakini ni kwa yule yule. Kijana wa Newala hakukuchukulia kitu, na Qurani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Kwa hiyo ndiyo, una dhambi, na kudhulumiwa kwako hakuipunguzi.

Tena na manunuzi yako yenyewe yalikuwa na kasoro. Kampuni yenye gemu hiyo inakataza kuuziana akaunti, na Waislamu hufuata masharti yao. Halafu hukukabidhiwa. Akaunti ikiwa imefungwa kwenye barua pepe au Facebook ya muuzaji, yeye ndiye mwenyewe bado. Neno la siri alilokupa anaweza kulibadilisha akiwa kitandani kwake. Wewe ulilipia ruhusa ya kuchungulia.

Kwa wanaocheza, na sioni kosa kwa anayecheza bila kupitwa na sala: kuwekewa almasi kwa njia halali hutaka namba ya mchezaji tu. Anayekuomba neno la siri au namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako anataka akaunti yenyewe. "Mtu wa kati" anayeletwa na muuzaji mara nyingi ni mwenzake, na pengine ni yeye mwenyewe kwa laini nyingine. Na anayesema amekulipa akakuletea picha ya ujumbe wa muamala, usiitegemee picha hiyo, tazama salio lako. Na tovuti za almasi za bure achaneni nazo. Mtume (s.a.w.) amesema muumini haumwi mara mbili kwenye shimo moja.

Aliyekutapeli, peleka ujumbe wa muamala polisi na iripoti namba yake kupitia 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Pesa huenda isirudi, lakini dai lako kwake halifi, na ukitaka kumsamehe ni hiari yako, hakuna wa kukulazimisha.

Mama mwambie leo, baada ya kula, akiwa ametulia. Mwambie ulinunua nini na kwa nini. Usiseme umeibiwa sokoni, maana utalazimika kuutunza uongo huo kila atakapokuuliza kozi imefikia wapi. Atakasirika, na ana haki. Kisha tafuta kibarua umlipe kidogo kidogo, hata akisema basi.

Lakini kabla ya mama yupo huyo wa Newala. Kumblok hakujafuta deni, namba yake imo kwenye ujumbe wa muamala. Mrudishie Sh 30,000 zake zote, umwombe radhi kwa kumpigia si kwa kumwandikia, na makato ya kutuma ni juu yako. Kama umeshazitumia, mwambie lini utalipa na ulipe siku hiyo.

Wallahu aalam.